Glasi ya Macho

Watoto wa chekechea ninaowabeba kila asubuhi kwenye gari la shule ni wakorofi wa kutosha, lakini nikigeuka mara moja na kusema "Kaa chini!" wote wanakaa, hata yule anayetafuna mikanda ya viti. Mume wangu nilianza kumwambia kaa chini siku ya harusi yetu, na kwa miaka mingi sikuona faida yake. Ni kiguu na njia. Anakula amesimama, sahani mkononi, akichungulia dirishani. Anaoga mlango ukiwa wazi kidogo asikose kusikia simu. Anafunga kamba za viatu huku anatembea, jambo ambalo sijui linawezekanaje, lakini yeye analiweza. Mama yangu mzazi alipomwona mara ya kwanza alinivuta pembeni akaniuliza kama mchumba wangu ana minyoo.

Hana minyoo, ana winchi. Ndiyo kazi yake na ndilo jina lake mtaani, na mimi basi nikawa Mama Winchi, nipende nisipende. Anavuta magari yaliyopata ajali. Ana pikapu kubwa kuukuu aliyoikata nyuma akafunga mtambo wa kuvutia, wenye waya wa chuma na ndoano nzito ambayo mimi siwezi kuinyanyua kwa mkono mmoja. Katika kazi hiyo anayefika kwanza na kutia ndoano ndiye mwenye gari. Anayefika wa pili amechoma mafuta bure. Kwa hiyo pikapu huegeshwa pua ikitazama barabara, na mwenyewe hulala na suruali. Ndoa yangu yote nimelala na mwanamume aliyevaa mkanda. Nikilalamika ananijibu kwamba suruali hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yetu mpaka akaolewa.

Kila kazi ina mambo yake ya ndani, na la kwao lilikuwa glasi ya macho. Aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alimkabidhi jambo hilo pamoja na funguo. Ukivuta gari ambalo mtu amefia ndani, usiondoke papo hapo. Nyuma ya kiti kuna chupa bapa ya pombe kali iliyoviringishwa kitambaa, na kifuniko chake ni kipana. Funga mzigo wako vizuri, jaza kifuniko, kunywa, subiri koo liache kuwaka, ndipo uwashe gari. "Ukiondoka na macho yale," mwalimu wake alimwambia, "utawaona barabarani wale uliowavua kwenye vyuma. Utawakwepa, na mwenye kuingia mtaroni utakuwa wewe." Wavutaji wote wa mji wetu walikuwa hivyo. Walikunywa ili waendeshe salama, na hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona ni akili. Siku nilizomsikia akirudi polepole, bila kupiga honi getini, nilijua glasi imenywewa, na sikumuuliza kitu. Kulikuwa na faida ndani yake pia: aliyoyaona kule yalibaki kule.

Kisha ikaja sheria mpya. Kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva kikashushwa hadi chini ya nusu ya kile cha zamani, na kwa sisi tunaoendesha kwa kazi, mimi na watoto wangu, yeye na ndoano yake, kikawa sifuri. Ukikutwa na chochote, leseni imekwenda. Trafiki wakapewa vipimo vipya vya kupuliza, wakaanza kusimama barabarani mchana kweupe, hata Jumapili.

Winchi alipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Alizunguka meza mpaka nikahisi kizunguzungu.

"Wanapima glasi!" alisema. "Mimi nimevuta walevi tangu nikiwa kijana, nawajua. Gari linanuka mpaka kwenye tairi. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa glasi moja."

"Wewe umejuaje? Uliwauliza?"

"Pua yangu inajua."

"Pua yako haijui hata maziwa yakichacha."

Alikwenda kubishana na sajini wa trafiki wa barabara yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo ambaye hajawahi kumfokea mtu mbele yangu. Alirudi akimwigiza, mkono kiunoni. "'Fundi, aliyelewa chakari anapepesuka, watu wanamwona na kumkwepa. Huyu wa glasi mbili amenyooka vizuri, anajiamini. Ila breki anaikanyaga amechelewa kidogo. Hicho kidogo ndicho unachokuja kukivuta wewe.'" Alisema kwa kejeli, lakini niliona ameyashika yote bila kuacha neno.

Basi simu ikaanza kunyamaza.

Haikunyamaza kwa siku moja. Wiki za mwanzo watu walikamatwa kama kuku, wakalia, wakatafuta wajomba wenye vyeo. Halafu wakajifunza. Ile baa ya njia panda, Jumapili asubuhi uwanja wake ulijaa magari yaliyolala pale, vioo vimejaa umande, na wenyewe wanakuja kwa miguu kuyachukua, kichwa chini, funguo mkononi. Vijana wakitoka pamoja wanamchagua mmoja wa kunywa soda na kumcheka mpaka basi, lakini yeye ndiye anayewarudisha kwao. Jirani yetu muuguzi, anayefanya kazi wodi ya mifupa, aliniambia juu ya ukuta huku akianika nguo, "Shoga, siku hizi Jumatatu mpaka tunapata nafasi ya kunywa chai." Mvutaji mwenzake mume wangu, tuliyemwita Mnyororo kwa jinsi alivyozoea kung'ang'ania mzigo, aling'oa mtambo wake wa kuvutia akaanza kubeba mchanga.

Mtu angedhani nyumbani kwetu tulifurahi. Jamani, ngoja niwaambie tulivyofurahi. Winchi alipaka grisi waya uliokuwa na grisi. Aliwasha gari, akalizima. Alikwenda getini, akarudi, akakumbuka kwamba hakuwa na alichokiendea, akaenda tena. Alichukua simu yangu akaipigia yake kuona kama inaita, na ilipoita aliruka. Jumamosi moja alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake, anatazama mawingu.

"Leo itanyesha," alisema. "Ile kona ya kiwanda cha mbao ikilowa huwa inateleza."

Nilikuwa nafuta meza. Nikaacha.

"Unawaombea watu mabaya?"

Aligeuka, mdomo umejaa. "Mimi? Nimesema mvua tu!"

Niliona aibu hadi masikioni, na meza ile niliendelea kuifuta kwa nguvu, maana mawingu yale nilikuwa nimeshayaona kabla yake. Tumelishwa miaka yote hiyo na misiba ya watu. Hatukuisababisha, hilo najua, lakini simu ilipolia tulisema "Afadhali," na sasa watu wamekaa salama majumbani kwao na sisi tunaitazama simu kama inatudharau.

Kilichoninyima raha zaidi ni ile chupa. Ilikuwa bado nyuma ya kiti. Nilimwambia aitoe, akanijibu sheria haijui macho. Nilimwambia sajini anasimama kati ya ile kona na nyumbani, akasema sajini anamjua. Nilichoogopa si faini wala jela. Niliogopa leseni. Mwanamume huyu ukimnyang'anya barabara umemzika, na mimi ndiye ningemtazama akitembea sebuleni mpaka kaburini. Kwa hiyo Jumapili, ambapo watoto wangu wa shule wako kwao, nikaanza kupanda naye pikapu akiitwa. Alilalamika kwamba napima anavyobadilisha gia. Kweli nilikuwa napima.

Aliitwa Jumapili moja, mchana. Kabla simu haijaita mara ya pili alikuwa nje, na mimi nyuma yake na ndala miguuni. Ilikuwa kona ileile ya kiwanda cha mbao, na hata mvua haikunyesha. Gari dogo la rangi ya samawati lilikuwa limelalia ubavu mtaroni, limejikunja kwenye mlingoti wa umeme upande wa abiria. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuja na kuondoka bila haraka, na watu walipoona haraka haipo walijua. Dereva alibaki. Alikuwa amekaa kwenye majani na mchubuko kwenye paji la uso, kijana aliyevaa shati la sherehe, na sajini amechuchumaa mbele yake na kile kipimo.

"Nilikunywa mbili tu," kijana alikuwa anasema. "Afande, mbili tu. Nilikuwa namrudisha dada yangu. Mbili tu. Nilikula na chakula."

Sajini alitazama kipimo, akaniona namtazama. "Kweli ni mbili," aliniambia kwa sauti yake ndogo. "Kwa kiwango cha zamani huyu alikuwa halali kabisa."

Winchi alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alisimama tuli, yeye asiyetulia, ndoano mkononi. Kisha akashuka mtaroni akafanya kazi yake. Anapofanya kazi ni mtu mwingine, nalazimika kukiri. Mikono yake haina papara hata kidogo. Aliligeuza gari lile taratibu utadhani ndani bado kuna mtu amelala, akalivuta juu, akalifunga, akakagua mnyororo mara ya pili. Aliingiza kichwa kwenye dirisha lililovunjika kuweka gia sawa, akakaa humo muda kidogo. Alipotoka alikwenda moja kwa moja nyuma ya kiti.

Alijaza kifuniko, akanywa. Akakijaza tena. Hilo la pili halikuwa kawaida yake.

"Funguo," nilisema.

"Funguo za nini?"

"Za gari. Sajini ametangulia kwenye kizuizi chake pale mbele, na leo anasimamisha kila mtu. Nipe."

"Hili gari haliendeshwi na mtu mwingine."

"Leseni yangu inaruhusu, na mimi sijanywa. Ukikamatwa leo hutalitia ndoano gari jingine. Utakaa, unasikia? Utakaa tu. Nipe funguo, baba watoto, kabla sijapiga kelele watu wote hawa wakusikie unavyogombezwa."

Alitazama watu, akanipa. Alizunguka kwenda upande wa abiria, akahangaika na mlango kwa sababu hakujua kwamba kitasa cha upande ule hufunguka kwa kuinuliwa. Mkanda wa kiti pia aliutafuta upande usiokuwa wake. Pikapu ile ni nzito usukani, na mzigo nyuma unausukuma mgongo. Lakini nimebeba watoto wa watu kwa miaka, siwezi kutishwa na chuma.

Hakutulia. "Punguza. Shika kushoto. Sasa gia, gia!" Mguu wake ulikuwa unacheza chini, anatafuta breki zisizokuwepo. Sakafu ya upande ule ni bati tupu, zulia lilikwisha zamani, na buti lake lilikuwa linagonga kila nilipokaribia shimo. Nilitaka kumwambia anyamaze, ila nilijua si mimi anayegombana naye.

Tulipofika pale penye maduka, mwanamke mmoja alitokea kati ya vibanda viwili akisukuma toroli la madumu ya maji. Hakutazama. Gurudumu la toroli liliteleza kwenye ukingo, likaingia barabarani na yeye nalo.

Nilikanyaga. Pikapu iliinama mbele, mzigo ukatusukuma, mnyororo ukalia, tukasimama. Na baada ya gari kuwa limeshainama, baada yangu, nikasikia buti lake likigonga bati.

Dumu moja lilianguka likamwaga maji mbele yetu. Mwanamke alinitukana, nikamtukana, kisha wote wawili tukashukuru Mungu, akaliinua dumu lake na kwenda. Hakuwa mbali na bampa. Ningeweza kumpa mkono kama ningekuwa nimekaa juu ya boneti.

Winchi alikuwa anatazama mguu wake.

"Nilimwona kabla yako," alisema.

"Labda."

"Si labda. Mimi barabara naisoma mbali. Nililiona lile toroli lingali kwenye vibanda. Nilimwona kabla yako, mama."

Nyuma yetu watu walianza kupiga honi, nikaondoa gari.

Kwenye kizuizi sajini alinipulizisha, akaniruhusu. Winchi akainama kunipita kifuani, akatoa kichwa dirishani.

"Afande, nipe na mimi nipulize."

"Wewe ni abiria, fundi. Nenda kapumzike."

"Nataka kujua."

Sajini alimtazama, akabadilisha kijibomba, akampa. Alipuliza pumzi ndefu, macho yamemtoka. Sajini akasoma, akamgeuzia aone mwenyewe.

"Na kwa zamani?" aliuliza. "Kwa kile kiwango cha zamani ungenifanya nini?"

"Zamani?" Sajini alikung'uta kijibomba. "Zamani ningekwambia safari njema."

Nyumbani alikaa. Aliingia sebuleni, akachagua kile kiti cha wageni ambacho hata sponji yake bado ni mpya, akakaa, mikono magotini. Nilipika, akakaa. Chakula kikapoa, akakaa. Simu iliita, ilikuwa binti yetu anatusalimu, akaitazama tu mpaka nikaja kuipokea mimi. Nilijikuta natembea: jikoni, mlangoni, getini, kwake tena. Sikujua la kufanya na mtu yule aliyetulia.

"Pale kwenye maduka," alisema baadaye. "Nimepita pale na mizigo mara ngapi? Watu wamejaa, watoto wanatoka dukani. Na mimi nimetoka kunywa, najiona nimejilinda."

"Hukumgonga mtu."

"Sikumgonga." Alifikiri. "Nilikuwa nachelewa siku zote, mama. Wao ndio waliokuwa wanawahi kunikwepa."

Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, nami nikalia jikoni ambako angesikia lakini asinione, kwa sababu hatujazoeana katika mambo hayo.

Chupa aliimwaga mwenyewe, akaiosha kwa sabuni, sasa inakaa na maji ya rejeta. Kazi ipo, ila si kama ile. Anavuta magari yaliyokwama kwenye matope, anayafuata yaliyokataa kuwaka, na Jumapili asubuhi wenye magari yaliyolala baa humpigia awapelekee, wamechoka kutembea. Ni kazi za kicheko. Leseni yake iko mfukoni mwa shati, na bado anakula amesimama, msidhani nilimponya.

Lakini ajali mbaya hazijaisha, zimepungua tu. Na jambo ambalo sajini hakuliwaza, wala mimi nilipounyoosha mkono nikidai funguo, ni kwamba glasi ile ilikuwa na kazi. Zamani macho yake aliyaacha kule barabarani. Siku hizi anakuja nayo nyumbani.

Ilianza na yule dada wa kijana wa shati la sherehe. Siku chache baadaye tulikuwa tunakunywa chai ya jioni, akaanza kunieleza alichokiona alipoingiza kichwa dirishani. Juu ya dashibodi kulikuwa na kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi laini, kimebanwa nyuma ya usukani. Gari limejikunja, kioo kimesagika, na keki haikusogea. Alisema karatasi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu jina la mtoto wa kupelekewa. Alilitaja jina. Mimi nina mtoto wa jina hilo kwenye gari langu, kiti cha tatu, anayetafuna mikanda.

Tangu hapo kila ajali mbaya anaileta mezani, na anaisimulia yote, rangi ya kiatu, wimbo uliokuwa bado unaimba redioni. Anasimulia kwa sauti tulivu, amekaa kwenye kile kiti cha wageni. Mimi ndiye siwezi kukaa. Naosha vikombe visafi. Nakwenda kuangalia kama geti limefungwa, narudi, naenda tena. Jana alipoanza nilifika mpaka mlangoni, na neno lilikuwa limeshanijia mdomoni: nenda kanywe glasi yako uniache. Nililimeza. Nikasimama pale nikitazama barabara, na magari yanapita, yanapita, yanafika kwao.

"Kaa chini, mama," mume wangu alisema nyuma yangu. "Bado sijamaliza."

Nikarudi, nikakaa.